Mkutano wa mabaharia wa meli moja: kwa nini wajane na watoto wa wenzetu waliofariki waandikiwe kwanza

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu wote.

Sisi tuliowahi kutumikia manowari moja tumeanza kujipanga tukutane tena, safari hii pamoja na familia. Meli yenyewe ilishaondolewa kazini na kukatwakatwa vyuma chakavu, kwa hiyo hakuna sitaha ya kurudi kuikanyaga. Tumebaki sisi kwa sisi. Kamati imeundwa, orodha ya majina imeanza kujaa, na mvutano wa kwanza umeshazuka: nani aalikwe.

Upande mmoja unasema mkutano ni wa waliopanda meli, familia zije kama wasindikizaji. Na kwa mwenzetu aliyekwisha kufariki, jina lake lisomwe, tusimame kimya dakika moja, tuendelee na ratiba. Mimi nasema mjane na watoto wa mwenzetu aliyefariki waandikiwe barua ya kwanza kabisa, kabla hata hatujamtafuta aliyekuwa kapteni wetu. Nieleze sababu zangu, kisha mnichambue.

Aliyeishi melini anajua jinsi siku inavyokatwa. Zamu ni za saa nne nne, na jioni zinawekwa mbili fupi za saa mbili mbili, ili zamu za siku ziwe saba na mzunguko usimwangukie mtu yuleyule kwa saa zilezile kila siku. Sasa chukua watu wawili waliopangwa pamoja, saa nane usiku, bahari imetulia, mmoja kashika usukani na mwingine anatazama rada. Watazungumza nini kwa miezi mfululizo? Watazungumza kila kitu. Mtoto ambaye hajazaliwa na jina atakalopewa. Deni la nyumbani. Hofu ya kufa majini. Kaka mtu aliyegombana naye na hawajapatana. Mtu uliyekesha naye hivyo unamjua kuliko ndugu yenu wa tumbo moja.

Halafu mtu huyohuyo akirudi nyumbani anaulizwa safari ilikuwaje, anajibu "nzuri tu," anakwenda kulala. Wengi wetu tulikuwa hivyo. Hatukuwa na nia ya kuficha, ila kumweleza mtu wa nchi kavu mambo ya melini kunachosha, na likizo ni fupi. Matokeo yake mwenzetu akifa, kipande kikubwa cha maisha yake kinabaki vichwani mwetu, na familia yake haijui hata kama kipo. Kipande hicho ni mali yao. Sisi tumekishika amana tu.

Wapo wanaosema mkutano usio na waliokuwemo melini hauna maana. Tazameni meli ya Uingereza, HMS Hood. Tarehe 24 Mei 1941 ililipuka katika mlango wa bahari wa Denmark ikipambana na Bismarck ya Ujerumani. Ilikuwa na watu 1,418, wakaokoka watatu. Watatu! Lakini mwaka 1975 mabaharia waliowahi kuitumikia miaka ya nyuma waliunda chama, na ndugu za waliopotea wakapata mahali pa kushika. Ted Briggs, mmoja wa wale watatu, alikuwa rais wa chama hicho, na alipofariki mwaka 2008 hakubaki hai hata manusura mmoja. Chama kipo. Mwaka 2015 kengele ya meli ilitolewa kilindini, na tarehe 24 Mei 2016, miaka 75 kamili baada ya meli kuzama, ikapigwa tena mjini Portsmouth mbele ya ndugu za waliokufa. Kama kanuni ingekuwa "aliyekuwemo tu", jambo hilo lingeishia kwenye viti vitatu.

Mfano mwingine unaniumiza zaidi. USS Indianapolis ya Marekani ilipigwa kwa topido za nyambizi ya Japani, I-58, usiku wa kuamkia 30 Julai 1945, ikazama kwa dakika 12 hivi. Watu waliokuwemo ni 1,195. Karibu 300 walikwenda nayo chini. Waliobaki walielea baharini siku nne hivi, hawana maji ya kunywa, papa wanawazunguka, na walionusurika ni 316. Kapteni wao, Charles McVay, naye aliokoka. Akafikishwa mahakama ya kijeshi na kutiwa hatiani kwa kutoiendesha meli kwa mwendo wa zigizaga, yaani kuipindisha huku na huku ili kukwepa topido, ingawa kamanda wa nyambizi iliyoizamisha, Mochitsura Hashimoto, aliletwa kutoka Japani akaeleza kwamba zigizaga isingeiokoa. Baada ya hapo baadhi ya familia za waliokufa zilikuwa zikimwandikia McVay barua za kumlaumu, mwaka baada ya mwaka.

Ilipita miaka 15 kabla manusura hawajakaa pamoja. Mwaka 1960 walifanya mkutano wao wa kwanza, wakamwalika kapteni, akaenda, wakampokea kwa heshima ya kijeshi. Mwaka 1968 alijiua. Wenzake hawakuliacha. Kutoka mkutano hadi mkutano waliendelea kudai jina lake lisafishwe, na Hashimoto mwenyewe akaandika barua mwaka 1999 kuunga mkono. Oktoba 2000 azimio la bunge la Marekani la kumwondolea lawama likatiwa saini, na mwaka uliofuata jeshi la majini likaagiza azimio hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za utumishi za McVay.

Ninachokiona hapo ni hiki: uchungu ulikuwa kwa familia, na habari kamili za kilichotokea zilikuwa kwa mabaharia. Vitu hivyo viwili visipokutanishwa mapema, mtu anaweza kufa katikati. Siku hizi manusura wa meli ile wamekwisha karibu wote, na watoto na ndugu ndio wanaoendesha mikutano. Walijipanga mapema, wazee wakiwa hai, ndiyo maana hakijakatika kitu.

Naomba maoni yenu, hasa mnaopinga.

Mlinzi wa Omo

Mkuu, nakuheshimu na hoja zako nimezisoma mara mbili. Bado napinga.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa aina hii. Kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu aliyeungua kwenye moto wa chumba cha injini, alisimama mezani akauliza: "Baba yangu alikufa vipi?" Meza nzima iliinamia sahani. Mimi nilikuwepo siku ya moto ule. Nilikuwa upande wa pili wa mlango uliofungwa. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini yule kijana mbele ya mama yake?

Zipo habari ambazo sisi wenyewe tunahitaji kuziongea ili tupate usingizi, na haziongeleki watoto wakiwa pale. Ukileta familia kila kikao, sisi tutacheka, tutapiga picha, tutarudi nyumbani na mzigo uleule tuliokuja nao. Mkutano wa mabaharia ni mahali pekee ambapo mtu hahitaji kueleza maana ya king'ora cha moto. Msitunyang'anye hapo.

Mtoa mada

Mlinzi wa Omo, asante kwa kusema wazi. Sitajifanya nina jibu la lile swali la kijana. Ila naona tatizo la siku ile lilikuwa mpangilio. Kijana hakuandaliwa, wala ninyi hamkuandaliwa, na swali likaangukia mezani mbele ya watu wote.

Pendekezo langu kwa kamati ni jioni ya kwanza iwe ya waliokuwa melini peke yao, mlango umefungwa. Hapo mtu aseme lolote, alie, anyamaze, ni juu yake. Siku inayofuata ni ya wote. Na kabla ya mkutano, kila familia ya marehemu ipangiwe mwenyeji mmoja aliyemjua vizuri, awasiliane nao mapema, awaulize wanataka kujua nini na hawataki kujua nini. Wapo wanaotaka kila kitu. Wapo wanaotaka tu kusikia kwamba hakuwa peke yake.

Binti wa Mpiga Ishara

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni mmoja wa hao "watoto wa marehemu", kwa hiyo naomba nafasi.

Baba nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache mno. Tulikua tukidhani yeye hatupendi. Alipofariki, wenzake wa meli walimwalika mama kwenye mkutano wao na mimi nikamsindikiza. Nilikwenda kwa shingo upande, nikijua nitakaa pembeni nisikilize wazee wakitaja bandari.

Kumbe melini baba ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua. Mabaharia ambao kuandika kuliwapa shida, au waliokuwa na jambo zito la kuwaambia wake zao wasijue waanzie wapi, walikuwa wanamfuata baada ya zamu. Anakaa nao, anawauliza maswali, kisha anawaandikia. Mama mmoja pale mkutanoni alikuja na barua zake za miaka ile, akanionyesha. Mwandiko ni wa baba. Maneno ya upole namna ile sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, lakini yalikuwa yake, yanatoka kwenye mkono wake, anamsaidia mwenzake kumwomba mkewe msamaha.

Sasa baba Mlinzi wa Omo, naomba unielewe. Sikwenda kuuliza alikufa vipi. Nilitaka kujua aliishi vipi, na hilo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuniambia isipokuwa ninyi. Yule kijana naye, huenda "alikufa vipi" ndilo swali pekee alilojua kuuliza, kwa sababu hakujua yapo mengine.

Mlinzi wa Omo

Binti, marahaba. Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria. Baba yake yule alikuwa fundi wa pampu, na kila alipomaliza zamu alikuwa anaimba kwa sauti mpaka tunamrushia mito. Hilo ningeweza kumwambia pale pale.

Jioni ya mlango uliofungwa ikiwekwa, nami naunga mkono.

Mke wa Baharia

Nimeona neno "wasindikizaji" na nimeshindwa kunyamaza.

Meli ikiondoka, kuna watu wanaobaki wakiiendesha nyumba kama wajane huku waume zao wakiwa hai. Mtoto anaugua, paa linavuja, mama mkwe anafariki, na barua inachukua wiki kufika. Sisi wake wa mabaharia wa meli moja tulikuwa tunalea watoto wa wenzetu, tunazika pamoja, tunakesha pamoja redio ikitangaza dhoruba. Tuliijua ratiba ya meli kwa kunong'onezana. Mnapokutana ninyi, na sisi pia tunakutana, maana na sisi tulikuwa kikosi. Tupeni muda wetu kwenye ratiba, wake wa zamani waeleze waliyoyaona, na watoto wasikilize. Msituweke meza ya pembeni tungoje mmalize.

La pili ni la afya, na ningependa lichukuliwe kwa uzito. Manowari nyingi zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980 zilijaa asbesto: kwenye mabomba ya mvuke, matangi ya kuchemshia maji, kuta za chumba cha injini. Nyuzi zake ukizivuta hewani zinakaa kifuani kimya, na saratani iitwayo mesotelioma hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Hawakuugua mafundi peke yao. Wapo wake walioupata ugonjwa kwa sababu walikuwa wanakung'uta na kufua ovaroli. Kwa hiyo mkutano ukiwa na familia, ulizaneni nani anakohoa, nani anaishiwa pumzi, na kila mmoja akamwambie daktari wake kwamba aliishi karibu na chumba cha injini, au alifua nguo zilizotoka huko. Daktari asipoambiwa hatakisia. Na masikio pia: waliokaa karibu na mizinga na injini wengi hawasikii vizuri, na wanaona aibu kusema. Wekeni vipaza sauti vizuri, na msiweke muziki mkubwa wakati wa mazungumzo, mtawatenga wazee wenu wenyewe.

Mtu wa Nyambizi

Naongeza dogo. Kwetu sisi wa nyambizi, mambo mengine bado ni siri na yatabaki siri hata tukizeeka, hivyo jioni ya mlango uliofungwa haina maana ya kusema yote. Kila mtu anajua kiapo chake.

Ila hoja ya familia naiunga mkono kwa mikono miwili. Nyambizi ikizama kilindini mara nyingi harudi hata mmoja. USS Thresher, 10 Aprili 1963, watu 129, wote. Kwa meli ya namna hiyo, mkasema mkutano ni wa waliokuwemo, mtamwalika nani? Wanaokutana kuwakumbuka ni wajane, watoto, ndugu, na mabaharia waliokuwa wamehamishwa kabla ya safari ile.

Mtafuta Kumbukumbu

Mtoa mada, mada nzuri. Nina swali la vitendo. Baba yangu yu hai lakini kumbukumbu zinampotea. Anahitaji kuthibitisha kwamba alikuwemo kwenye safari fulani ili apate haki zake za matibabu, na faili lake halionyeshi. Mkutano kama huu unaweza kusaidia, au ni wa kukumbatiana tu?

Mtoa mada

Unasaidia sana, na wengi hawalijui hili.

Manowari huandika kitabu cha kumbukumbu za safari kila siku: ilipo, mwendo, hali ya hewa, matukio. Vitabu hivyo nchi nyingi huvitunza. Vya Marekani vikishazeeka huhamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, na vya Uingereza vipo kwenye hifadhi yao ya taifa huko Kew. Kitabu kinaweza kukuonyesha meli ilikuwa wapi tarehe fulani. Kwamba baba yako alikuwemo siku hiyo, hapo ndipo ushahidi wa wenzake unapoingia: maelezo ya maandishi yenye tarehe, kazi aliyokuwa akifanya, na saini ya aliyekuwa naye. Picha ya pamoja yenye majina nyuma yake nayo ina uzito.

Mfano ni mabaharia wa Marekani waliokuwa kwenye meli karibu na pwani ya Vietnam. Kwa miaka mingi wengi wao walinyimwa fidia za magonjwa yanayohusishwa na Agent Orange, ile sumu ya kuua mimea iliyomwagwa na jeshi la Marekani katika vita vya huko, kwa hoja kwamba hawakukanyaga nchi kavu wala kuingia mitoni. Sheria iliyotiwa saini Juni 2019, ikaanza kazi 1 Januari 2020, iliwahesabu waliokuwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka kwenye mstari uliochorwa kandokando ya pwani ile. Kuanzia hapo swali likawa meli ilikuwa wapi na nani alikuwemo, na wajane wa waliokwisha kufa nao walikuwa na haki ya kudai. Mjane asiyemjua hata mmoja wa wenzake na marehemu anaanzia wapi?

Kwa hiyo mlete mzee. Hata akiwa amesahau, wenzake hawajasahau. Na wasiosahau leo, sitaki kuwaahidi kuhusu miaka mitano ijayo, ndiyo maana nataka katika mkutano huu kila picha ya zamani iandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kisha ipigwe nakala, mwenye picha arudi nayo.

Baharia Aliyeondolewa

Vipi kuhusu sisi tuliotolewa jeshini kwa makosa? Nilikuwa mdogo, nikatoroka melini, nikakamatwa, nikafukuzwa. Mke wangu anajua niliwahi kuwa mwanamaji. Mengine hajui.

Mtoa mada

Ndugu yangu, ulikula zamu, ulibeba kamba, ulivuta nanga pamoja na wenzako. Kwenye orodha yetu atakuwemo kila aliyetia mguu melini kwa kazi, na sababu ya kuondoka hatuiandiki. Utakachomwambia mkeo ni chako, hakuna atakayekutangulia. Hilo nitaomba lisomwe kwa wote kabla ya familia kuingia ukumbini.

Na kwa wanaoniuliza faragha kuhusu ofisa mmoja aliyewatesa watu: sitamlazimisha mtu kukaa naye meza moja, na vyeo havitatumika kupanga viti. Ukiona vyaelea vimeundwa, na walioiweka meli yetu juu ya maji wengi walikuwa chini kabisa, kwenye joto, ambako maofisa walikuwa hawashuki mara kwa mara. Mafundi, wapishi, wapaka rangi na wauguzi watakaa wanapotaka.

Mke wa Baharia

Na majina ya waliofariki nani atayasoma? Maana nimeshaona kamati ikimpa mtu mwenye sauti nzuri asiyewajua, anakosea majina mbele ya watoto wao.

Mtoa mada

Kila jina litasomwa na mtu aliyekuwa naye zamu moja, na kengele itagongwa mara moja kwa kila jina. Familia ikitaka mtoto ndiye agonge, atagonga. Familia isiyotaka jina lisomwe, halitasomwa. Matamshi tutayahakiki kwa simu na familia yenyewe kabla ya siku, na kazi hiyo, dada yangu, nimependekeza kwenye kamati uishike wewe pamoja na Binti wa Mpiga Ishara, mkikubali. Barua kwa wajane zinaanza kutoka wiki hii. Mlinzi wa Omo, ile ya yule kijana nimeiacha wazi sehemu ya mwenyeji, nasubiri neno lako.

Mlinzi wa Omo

Weka jina langu.